Ndege Zilivyojifunza Kupiga Yowe

Rubani anayetoka Kasaji kwenda Kolwezi mchana hana haja kubwa ya ramani. Reli iko chini yake. Njia ya Tenke hadi Dilolo, iliyokamilika mwaka 1931 na kuifungulia shaba ya Katanga mlango wa bandari ya Lobito, inakwenda mashariki, inapita Mutshatsha, inaingia Kolwezi. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 220 hivi. Ndege ndogo ya injini mbili, kwa mwendo wake wa kawaida wa kilomita 270 au 280 kwa saa, huimaliza safari kwa dakika zisizofika 50. Kwa gari wakati wa mvua ni hadithi nyingine, na aliyewahi kukwama huko hahitaji kusimuliwa.

Dakika hizo tuzipime na nyingine 30. Miaka ya 1990, kanuni za Marekani za ndege ndogo zilianza kutaka kwamba umeme mkuu ukizimika wote, betri iweze kubeba vifaa vya lazima kwa nusu saa. Basi fikiria ndege iliyoruka kutoka Kasaji, alternata zake zote mbili zikafa mara tu magurudumu yalipoingia tumboni. Nusu saa ikitimia, rubani ameshaipa Mutshatsha kisogo, na Kolwezi bado iko kilomita 80 mbele. Betri imekwisha. Redio kimya, taa za dashibodi zimefifia hadi kuzima, sindano za mafuta zimelala chini kana kwamba matangi ni makavu. Na injini? Zinanguruma vilevile, kushoto na kulia, kama hakuna kilichotokea.

Injini ya petroli ya ndege haiombi cheche kwenye betri. Kila silinda ina plagi mbili, na plagi hizo zinalishwa na magneto mbili, vijimashine vyenye sumaku vinavyozungushwa na injini yenyewe na kuzaa umeme wao, mbali kabisa na nyaya nyingine za ndege. Maadamu petroli inafika na shafti inazunguka, moto upo. Waliopanga hivyo walijua walifanyalo. Hawakutaka roho ya injini ining'inie kwenye waya wa betri. Lakini uamuzi huo mwema ulileta tabu yake. Injini ikifa, rubani anajua kabla hajatazama kipimo: ndege inapinda, mguu unaitafuta pedali wenyewe. Umeme ukifa, hasikii kitu. Anaweza kuendelea kuruka robo saa nzima akipiga soga na abiria wa kiti cha mbele, huku betri ikinyonywa tone baada ya tone.

Kazi ya mafundi na wahandisi kwa zaidi ya nusu karne imekuwa kuifundisha ndege kupiga yowe mapema. Na kazi ngumu kuliko hiyo: kuifundisha ikate kipi na iache kipi.

Mwanzoni hapakuwa na kikubwa cha kulinda. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, na baadaye kampuni hiyo ilipoanza kutumia ndege za injini mbili za de Havilland, Dragon iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1932 na Dragon Rapide ya mwaka 1934, abiria walikaa ndani ya mbao na turubai. Propela ya Dragon ilizungushwa kwa mkono wa fundi, aliyejua vizuri pa kuweka miguu yake. Umeme ulikuwa kama saa ya mkononi: ni vizuri kuwa nayo, lakini safari haiahirishwi kwa kuikosa. Fyuzi chache za kioo, betri, basi.

Ndege za injini mbili zilizokuja kuacha jina Kolwezi ni za kizazi kilichofuata, na zililetwa na vita. Katanga ilijitangazia uhuru wake kutoka kwa Kongo tarehe 11 Julai 1960. Jeshi lake la anga, Avikat, lilirithi kutoka kwa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, ndege za de Havilland Dove, na mwaka uliofuata zikaja Dornier Do 28 kutoka Ujerumani Magharibi. Ndege hizi ndogo zilikuwa za kiraia kwa kuzaliwa. Zikafungwa mabomu. Uwanja wa Kolwezi-Kengere, mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, ukawa ngome, mpaka tarehe 29 Desemba 1962 ndege za kivita za Sweden zilizokuwa chini ya Umoja wa Mataifa zilipokuja kuzichoma ndege za Katanga zikiwa zimeegeshwa chini. Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi, na Katanga ikaisha.

Msomaji wa Dar es Salaam huenda anakifahamu kisa hiki kupitia mlango mwingine. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola. Uchunguzi ulipofunguliwa upya miaka zaidi ya 50 baadaye, aliyekabidhiwa kazi ni Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2010 hadi 2017. Kati ya mambo aliyolazimika kuyapima ni uwezo wa ndege za Katanga: zilikuwa ngapi, zilikuwa wapi, na kama zingeweza kuruka na kushambulia usiku. Ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana kuwa shambulio au kitisho kutoka nje kilichangia ajali. Sina la kuongeza kwenye hukumu ya jaji. Ninachokitaka hapa ni lile swali la usiku. Kuruka usiku juu ya msitu usio na taa kunadai umeme kwa namna ambayo kuruka mchana hakudai: taa za vipimo, redio, vifaa vya kutafutia njia. Gizani reli haionekani. Kwa hiyo anayeuliza kama Dove ingeweza kuruka usiku, hata asipojua, anaulizia pia jenereta zake.

Jenereta za siku zile zilikuwa za mkondo mnyoofu, ndugu wa zile za magari ya zamani. Zilihitaji walinzi wawili. Wa kwanza ni regyuleta, kisanduku chenye koili na ncha zinazogusana na kuachana mara nyingi kwa sekunde ili kuuweka umeme mahali pake. Wa pili ni rilei ya kuzuia umeme usirudi. Injini ikipungua mwendo, mathalani ndege ikitambaa ardhini, volti za jenereta hushuka chini ya zile za betri, na umeme hugeuza njia: betri inaanza kuisukuma jenereta kana kwamba ni mota, ikijimaliza na kuichoma. Rilei iko pale kufunga mlango huo kabla mgeni hajawa mwizi.

Katika ndege ya injini mbili mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu jenereta mbili hulisha ubao mmoja. Ni kama watu wawili waliobeba machela. Aliye mrefu kidogo hujikuta na uzito tofauti na mwenzake. Regyuleta moja ikiwa juu ya nyingine kwa sehemu tu ya volti, jenereta yake hubeba karibu mzigo wote huku ya pili ikizunguka bure. Fundi alizilinganisha kwa bisibisi na uvumilivu, injini zote mbili zikinguruma na vumbi likimjaa machoni. Joto la saa nane likizibadilisha, anarudia asubuhi.

Na rubani aliambiwaje kuwa mambo yameharibika? Kwa sindano. Amita ilikaa mahali fulani chini ya dashibodi, ndogo kama kifuniko cha chupa, yenye sifuri katikati. Sindano ikiegemea kulia, betri inajazwa. Ikilala kushoto, betri inanyonywa. Hiyo ndiyo ilikuwa tahadhari yote. Haikuwaka, haikulia, wala haikumfuata mtu. Rubani mwenye mazoea mema aliipitia kwa jicho kila baada ya dakika kadhaa. Mwenye wingu jeusi la Desemba mbele yake hakuwa na jicho la kuazima.

Dove, hata hivyo, ilikuwa na jambo moja la kuitetea: magurudumu, mabawa-saidizi na breki zake vilifanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa. Umeme ukifa, magurudumu yalishuka bado. Wamarekani walikwenda njia nyingine. Cessna 310, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 3 Januari 1953, ilipandisha na kushusha magurudumu kwa mota ya umeme. Beechcraft Baron, iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, vilevile. Kwa siku mbaya kuna mkono wa kuzungusha. Wa Baron umefichwa nyuma ya viti vya mbele, na kitabu kinataka mizunguko kama 50. Aliyewahi kuizungusha, amejipinda kiunoni na mkono mmoja ukiwa usukani, hasahau kuwa alternata ina thamani. Ndipo umeme ulipoacha kuwa saa ya mkononi. Ukaingia miguuni mwa ndege, halafu kwenye vifaa vya kuyeyusha barafu ya propela, pampu za akiba za mafuta, rada ya mvua na rubani otomatiki.

Mzigo ulipokua, jenereta za zamani zikashindwa. Dayodi za silikoni zilipokuwa bei nafuu, Chrysler ikaingiza alternata kwenye magari yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kabla mwongo huo haujaisha zilishaenea kwenye ndege ndogo. Alternata ni nyepesi, hutoa umeme hata injini ikinguruma polepole, na dayodi zake zenyewe huuzuia umeme usirudi, kwa hiyo ile rilei ya mlangoni ikastaafu. Lakini ilikuja na tabia zake mbili. Kwanza, haiwezi kujianzisha: inahitaji umeme kidogo kutoka kwenye betri ili kuamsha sumaku yake, na betri ikiwa imekufa kabisa, alternata nzima inazunguka kama gurudumu la baiskeli. Pili, na hili ndilo lililowakosesha watu usingizi, regyuleta yake ikipiga shoti, haifi. Inapagawa. Mfumo wa volti 28 unapanda kuvuka 32, betri inachemka, na redio zilizogharimu pesa nyingi zinaungua moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo akazaliwa mlinzi mpya, rilei ya volti zilizozidi. Kazi yake ni kuikata alternata iliyopagawa kabla haijachoma nyumba. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, Sehemu ya 23, zilizoanza kutumika Februari 1965 badala ya zile za zamani, zikakua pamoja na mambo haya: kinga ya volti zilizozidi, na ishara ya papo hapo kwa rubani kwamba jenereta imekufa. Rangi nazo zikapangwa. Nyekundu ni ya hatari inayodai kitendo sasa hivi, ya kahawia-njano ni ya kukutahadharisha kwamba kitendo huenda kikahitajika, kijani ni salama.

Hata hapo watu waliikosea taa yenyewe. Kwa miaka kadhaa Cessna, katika ndege zake ndogo za injini moja, iliweka taa nyekundu yenye maneno ya kusema volti zimezidi. Taa hiyo iliwaka pale rilei ilipoikata alternata. Vizuri. Lakini mkanda wa alternata ukikatika, au waya wa sumaku ukichomoka, volti hazizidi, zinapungua. Taa ikanyamaza, na rubani akatulizwa na taa isiyowaka. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo ilipogeuzwa ikawa taa ya volti pungufu, inayowaka betri inapoanza kubeba mzigo peke yake, kwa sababu yoyote ile. Kwangu mimi badiliko hilo dogo lina uzito kuliko vioo vyote vya kisasa. Mtu fulani aliketi akajiuliza rubani anataka kujua nini hasa. Rubani anataka kujua kama nusu saa yake imeanza kuhesabiwa, na ugonjwa ataupatia jina akishatua.

Sasa kuna imani moja iliyoenea, na nimeisikia kwa abiria na kwa wafanyabiashara wanaokodi ndege: injini mbili, alternata mbili, usalama mara mbili. Hesabu hiyo ina kasoro. Alternata mbili zikifungwa kwenye ubao mmoja, shoti ya upande mmoja inaweza kuvuta na mwenzake. Usalama unakuja pale tu pande hizo zinapoweza kuachana. Ndiyo maana ndege kubwa kidogo, kama King Air 200 za Beechcraft, ambazo mfano wake B200 umejulikana uwanja wa Wilson Nairobi kwa kazi ya madaktari warukao wa AMREF, zina ubao wa kushoto na wa kulia uliounganishwa kwa fyuzi mbili nene za ampea 325. Upande mmoja ukipiga shoti, fyuzi inayeyuka, ndege inagawanyika nusu mbili za umeme, na nusu nzima inaendelea na safari. Lakini katika nyingi za zamani, fyuzi hiyo ikikatika haiwashi taa. Rubani lazima aikague mwenyewe kwa kipimo cha volti kabla ya kuruka. Asipokagua, anaruka akidhani ana daraja ambalo mto umeshalichukua.

Na mkono wa binadamu nao una namna yake ya kuyakata yasiyostahili kukatwa. Tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya Air Illinois aina ya Hawker Siddeley 748, ambayo si ndogo lakini ni ya injini mbili, iliruka usiku kutoka Springfield kwenda Carbondale, safari fupi. Muda mfupi baada ya kuruka, jenereta ya kushoto ikafa. Rubani msaidizi, akijaribu kuitenga iliyoharibika, akaitenga nzima ya kulia, na haikurudi tena. Ikabaki betri. Springfield ilikuwa nyuma yao, jirani kabisa. Nahodha akachagua kusonga mbele gizani, ndani ya mawingu. Betri ikaisha kabla ya Carbondale, na watu wote 10 wakafa karibu na Pinckneyville. Chukua ramani ya Illinois uiweke juu ya ile ya mkoa wa Lualaba: ni mwendo ule ule wa Kasaji hadi Kolwezi, na ni hesabu ile ile ya nusu saa.

Mlinzi mwingine anaishi kwenye ubao wa pembeni, safu kwa safu: saketi breka. Mafundi wa Kolwezi, waliosoma kwa Kifaransa, huiita disjoncteur, kwa jina lile lile la vile vijisanduku vya nyumbani vinavyoruka umeme wa mabwawa ya Nseke na Nzilo unapocheza. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizounganishwa, zinazotanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Umeme ukizidi, kipande kinapinda, kinaruka, kibonye kinatokeza nje. Jina maarufu katika jambo hili ni Klixon. Mwanzo wake husimuliwa kuwa ni kijana wa Kimarekani, John Spencer, aliyekuwa akichochea tanuri kwenye kiwanda cha mbao huko Maine, akagundua kuwa mlango wa chuma hutoa mlio wa "klik" ukipata moto na mwingine ukipoa. Kutokana na mlio huo akatengeneza kisahani kinachoruka kwa joto, na vita vya pili vya dunia vilipokuja, vibonye vya aina hiyo vikapanda ndegeni.

Uzuri wa breka ni kwamba unaweza kuirudisha. Ubaya wake ni huo huo. Fyuzi ya kioo iliyoungua inamlazimisha mtu kutafuta nyingine, na sheria za Marekani za kuruka usiku zinataka ndege yenye fyuzi ibebe seti moja ya akiba au tatu za kila aina. Hapo katikati, akiwa anapapasa mfukoni, rubani hupata nafasi ya kujiuliza kwa nini imeungua. Breka haimpi nafasi hiyo. Kidole kinakwenda chenyewe. Kwa miaka mingi shule zilifundisha kuirudisha mara moja, ikiruka tena uiache.

Tarehe 10 Julai 2007 fundisho hilo lilipata jibu lake. Cessna 310R, ndege ndogo ya injini mbili iliyokuwa ya NASCAR, shirika la mashindano ya magari, iliruka kutoka Daytona Beach, Florida. Siku moja kabla, rubani mwingine aliona rada ya mvua imezima, akasikia harufu ya kuungua, akavuta breka ya rada, harufu ikakata. Akatua, akaandika kasoro hiyo kwenye karatasi. Haikurekebishwa. Kesho yake ndege ikaruka, na huenda breka ile ilikuwa imesharudishwa ndani. Dakika chache baadaye marubani wakaripoti moshi ndani, wakageuza kuelekea Sanford, na ndege ikaanguka juu ya nyumba za watu. Waliokufa ni wawili waliokuwamo na watatu waliokuwa majumbani mwao. Wachunguzi walilaumu uamuzi wa kuiachia ndege iruke na kasoro inayojulikana. Breka ilikuwa imefanya kazi yake kwa mkono wa rubani wa kwanza, na karatasi ilikuwa imefanya kazi yake. Yowe lilipigwa mara mbili. Mwaka 2010 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikatoa waraka unaosema kwa ufupi: kama kifaa si cha lazima, breka yake iliyoruka angani iache hapo ilipo.

Hapa naomba kuchepuka kidogo, maana nazungumza na watu wa shaba. Kwa miaka mingi kampuni ya Piper ilifunga kwenye ndege zake nyingi ndogo nyaya nene za betri za alumini, kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Alumini ikakutana na unyevu, viungo vikaota unga mweupe, umeme ukapita kwa shida. Startimota ikawa inaguna badala ya kuzungusha, na mafundi wakabadilisha betri nzima bila kosa lake. Dawa ilijulikana tangu siku ile Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 kuchimba ardhi hii: shaba. Wamiliki wengi wamezitoa zile za alumini na kufunga za shaba. Sijui kama kuna kijana wa Musonoi aliyewahi kuambiwa kwamba kilo chache za kilichotoka chini ya mji wake ndizo zinazoamsha Piper Seneca ya mtu asubuhi.

Nilisema magneto ziliziweka injini mbali na misukosuko ya umeme. Huo ulikuwa ukweli hadi juzi. Petroli ya ndege ni adimu na ghali katika sehemu kubwa ya Afrika, wakati mafuta ya taa ya jeti hupatikana kila panapotua ndege kubwa. Ndiyo sababu Diamond DA42 ya Austria, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 2002, iliwavutia wengi: injini mbili za dizeli zinazokunywa mafuta ya jeti, na kwa kiasi kidogo. Lakini dizeli hizo hazina magneto. Zinaongozwa na kompyuta, na kompyuta inakula umeme.

Tarehe 4 Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, DA42 moja ilikutwa na betri iliyokufa. Wakaiwasha kwa umeme wa nje, injini zote mbili, ingawa kitabu kilitaka ya pili iwashwe na betri ya ndege yenyewe. Alternata zikafanya kazi, vioo vikawaka, hakuna taa iliyolalamika. Wakaruka. Rubani akapandisha magurudumu. Mota ya magurudumu ikameza umeme mwingi kwa nukta moja, betri tupu haikuweza kuziba pengo, volti zikadidimia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kompyuta za injini zikajizima na kujiwasha upya. Propela zote mbili zikageuza makali yake kwenye upepo, kama inavyofanya propela ya injini iliyokufa. Ndege ya injini mbili ikabaki haina hata moja, ikaenda kujibwaga chini.

Betri ambayo kwa miaka 70 ilikuwa akiba ya redio na taa, sasa ilikuwa sehemu ya injini, na hakuna aliyekuwa ameiwekea taa ya kusema hivyo. Mamlaka zikaingilia, na kompyuta za injini zikapewa betri zao ndogo za akiba, ili kuanguka kwa volti kusizifikie tena. Kwa maneno mengine, baada ya safari yote hii, wahandisi walirudi kuijengea injini chanzo chake cha pembeni, jambo ambalo magneto ilikuwa ikilifanya kwa sumaku na meno ya gia tangu kabla Kolwezi haijawa mji.

Mtu wa Kasaji anaielewa asubuhi ya Speyer bila kuelezwa. Betri imelala, kuna pikapu karibu na kuna nyaya za kuazimana moto. Gari linawaka hivyo kila siku, na lori pia. Dove ya mwaka 1961 iliyoamshwa namna hiyo ingefika Kolwezi bila kinyongo, ikijaza betri yake njiani. Kwenye ndege ya dizeli, rubani anaiwasha injini ya kwanza kwa umeme wa kuazima, kisha anachomoa nyaya na kuiomba betri yake mwenyewe iiwashe ya pili. Ikigoma, anazima, anashuka, anafunga mlango. Abiria wamuulize mkuu wa stesheni treni inapita lini.